Setingi za mwanga ndani ya faili la video: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapiga video wa Nyanda za Juu Kusini

Haya ni maswali ambayo wapiga video wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe huyarudia, wawe wa harusi na kipaimara, wa kwaya, wa mashamba ya chai au wa droni. Yote yanazunguka jambo moja: nikishika faili la video, nitajuaje lilirekodiwa kwa kasi gani ya shata, tundu gani la lenzi na ISO ngapi? Mwenye haraka asome swali la 4 na la 5, kisha swali la kamera yake katika sehemu ya pili, kisha la 13.

## Misingi

1. Setingi za mwanga ni zipi hasa, na nani anaziandika?

Ni tatu. Kasi ya shata ni muda ambao kila fremu hupokea mwanga, kwa mfano 1/50 ya sekunde. Tundu la lenzi ni upana wa njia ya mwanga, nao huandikwa kwa herufi f: f/2.8 ni pana, f/16 ni jembamba. ISO ni kiasi ambacho kamera inakuza mwanga ulioingia. Kamera nyingi huongeza na mizani ya rangi nyeupe, yaani joto la rangi kwa Kelvini, na baadhi hutaja kama kichujio cha kupunguza mwanga kilikuwa kimewashwa.

Anayeandika ni kamera yenyewe wakati inarekodi. Wewe huandiki kitu. Taarifa hizi huitwa metadata, na hukaa ndani ya faili au kwenye faili dogo lililo pembeni yake.

2. Picha ya kawaida nikifungua Properties naona ISO na shata. Kwa nini video hainionyeshi?

Kwa sababu picha za mnato zina makubaliano ya pamoja yanayoitwa Exif, yaliyotolewa Japani mwaka 1995, na karibu kila kamera huyafuata. Programu yoyote inajua mahali pa kutazama.

Video haikupata makubaliano kama hayo. Mafaili ya MP4 na MOV yana mahali rasmi pa urefu wa video, ukubwa wa picha, idadi ya fremu na tarehe, lakini hayana mahali rasmi pa ISO wala shata. Kila kampuni ikajitengenezea mahali pake na lugha yake. Windows husoma yale rasmi tu, kwa hiyo unaona dakika na bitireti (kiasi cha data kwa sekunde), basi. Usikate tamaa kwa sababu Properties haisemi kitu: mara nyingi taarifa imo, ila Windows haijui kuisoma.

3. Video imeshatoka vizuri. Nizitafute za nini?

Sababu ya kwanza ni kulinganisha kamera. Kazi ya harusi huwa na kamera mbili au tatu, na unapokaa kuediti unakuta moja ina chenga na nyingine haina. Ukiona moja ilikuwa ISO 6400 na nyingine ISO 1600, unajua tatizo liko wapi na unajua la kubadilisha kwenye kazi ijayo.

Ya pili ni hali ya hewa yetu. Ukungu wa Uporoto asubuhi na jua la saa sita mchana kwenye barabara ileile ya kwenda Tukuyu ni kama sehemu mbili tofauti. Ukirekodi maua Kitulo mwezi wa Januari, mteja akakurudisha wiki ijayo kumalizia vipande, namba za siku ya kwanza ndizo zitakazokuwezesha kuunganisha siku hizo mbili bila mtazamaji kushtuka.

Ya tatu ni kujifunza. Kijana anayeanza akiangalia vipande vyake vizuri na vibaya pamoja na namba zake, anaelewa mwanga haraka kuliko kwa kuambiwa tu. Mimi naona hii ndiyo faida kubwa kuliko zote.

4. Kadi ikitoka kwenye kamera nifanye nini kwanza?

Nakili kadi nzima, pamoja na folda zake zote, kama zilivyo. Usichague mafaili ya video peke yake.

Tabia iliyozoeleka ni kufungua folda, kushika MP4 zote, kuzivuta kwenye kompyuta na kufomati kadi kwa ajili ya kazi ya kesho. Kwa kufanya hivyo unatupa mafaili madogo yanayoishia na THM, XML au SRT, na kwa baadhi ya kamera hayo madogo ndiyo yenye setingi zenyewe. Ukubwa wake ni mdogo mno ukilinganisha na video, kwa hiyo nafasi ya diski si kisingizio.

Tengeneza folda moja yenye tarehe na jina la kazi, mwaga kadi nzima humo, na usibadilishe majina ya mafaili. Uhusiano kati ya video na faili lake la pembeni ni jina tu: ukiiita C0012.MP4 "bibi harusi anaingia", XML yake inabaki yatima. Kama lazima ubadilishe, badilisha kwenye nakala ya pili.

5. Namba ninayoiona ni ya video nzima au ya mwanzo tu?

Swali hili lingepaswa kuulizwa kabla ya yote, kwa sababu jibu lake linageuza maana ya kila namba utakayoisoma.

Kamera za Canon na Nikon zilizozoeleka huandika seti moja ya namba kwa kipande kizima, na namba hizo ni za pale ulipobonyeza kurekodi. Kama kamera ilikuwa kwenye otomatiki, na ukaanza nje ya kanisa juani kisha ukamfuata bibi harusi hadi ndani, faili litakuonyesha ISO 100 ilhali nusu ya pili ilikuwa ISO 3200. Faili halijadanganya. Limekuambia la mwanzo tu.

Kamera za Sony, kamkoda za AVCHD (zinazotoa mafaili ya MTS), droni za DJI na GoPro huandika mfululizo, fremu kwa fremu au mara kadhaa kwa sekunde. Hizo zinaweza kukuonyesha ISO ikipanda hatua kwa hatua mtu anapovuka mlango.

Kwa hiyo kila mara jiulize mambo mawili: kamera hii inaandika mara moja au mfululizo? Na je, ilikuwa otomatiki au nilifunga setingi kwa mkono? Kama ulizifunga zote tatu, namba ya mwanzo ni ya kipande chote, na swali limekwisha.

## Kila kamera na mahali pake

6. Natumia Canon. Setingi ziko wapi?

Inategemea umri wa kamera. EOS za kwanza zilizorekodi video, kama 5D Mark II, 7D na 550D, hutoa mafaili mawili: MVI_0423.MOV na MVI_0423.THM. Hilo la THM ni picha ndogo ya JPEG yenye Exif kamili ndani yake. Lifungue kwa programu ya Exif nawe utaona shata, tundu na ISO kama picha yoyote. Ukibadilisha jina la nakala yake kuwa .JPG, hata Properties ya Windows itazionyesha.

Za baadaye ziliacha THM na kuziweka taarifa hizo ndani ya MOV au MP4. Hapo utahitaji ExifTool, tazama swali la 13. Kumbuka onyo la swali la 5: ni za mwanzo wa kipande.

7. Na Sony?

Sony ni hazina. Kwenye kadi, ingia PRIVATE, kisha M4ROOT, kisha CLIP. Utakuta C0012.MP4 na jirani yake C0012M01.XML. Wengi hufungua XML wakitarajia ISO, nayo haimo. Humo kuna aina ya kamera, idadi ya fremu, tarehe na aina ya gamma, yaani kama ulirekodi S-Log (picha iliyofifishwa makusudi ili irekebishwe rangi baadaye) au rangi ya kawaida. Hayo nayo yana kazi kubwa kwa mhariri, kwa hiyo usiitupe.

Shata, tundu na ISO zimo ndani ya MP4 yenyewe, kwenye njia ya pembeni inayokwenda sambamba na picha na sauti, inayoitwa rtmd. Programu ya bure ya Sony iitwayo Catalyst Browse inazionyesha, na ExifTool huzitoa zote ukiongeza neno -ee.

8. Kamkoda yangu ya zamani inatoa mafaili ya MTS. Kuna kitu humo?

Kimo, na watu wengi hawajui. MTS ni AVCHD, iliyo kwenye folda za PRIVATE, AVCHD, BDMV na STREAM. Kamera hizi huchomeka taarifa ndani ya mkondo wa picha wenyewe, katikati ya fremu: tarehe na saa, shata, tundu, wakati mwingine na geni (tazama swali la 18). Kwa kuwa zimo ndani ya mkondo, hubaki hata ukinakili MTS peke yake bila folda zake. ExifTool huzisoma, na ukiongeza -ee husoma hadi mwisho wa faili.

Ukigeuza MTS kuwa MP4 kwa programu inayokodi upya, yaani inayoitengeneza picha upya, zinatoweka. Weka MTS asili.

9. Nikon na Panasonic?

Zote mbili huweka taarifa ndani ya MOV au MP4 kwa lugha zao, na ExifTool inazifahamu. Hakuna faili la pembeni la kutafuta. Ni seti moja kwa kipande kizima, soma swali la 5.

10. Narusha droni ya DJI. Nimesikia kuna faili la SRT, mbona mimi silioni?

Kwa sababu hujaliwasha. Kwenye programu ya DJI Fly, ingia setingi za kamera, tafuta Video Subtitles, uiwashe kabla ya kuruka. Baada ya hapo kila video hupata SRT yenye jina lilelile. Lifungue kwa Notepad nawe utakuta mistari ya aina hii, mmoja kwa kila fremu:

[iso: 100] [shutter: 1/640.0] [fnum: 280] [ev: 0] [ct: 5500]

Hiyo fnum 280 ni f/2.8 iliyozidishwa kwa mia moja. Droni nyingine huandika 1.7 au 2.8 moja kwa moja. Alama ct ni joto la rangi.

Mstari huo pia hubeba latitudo, longitudo na kimo cha droni. Ukiwa juu ya Ziwa Ngozi au mashamba ya chai ya Mufindi, hiyo ni rekodi ya mahali ulipopita, na inafaa uiweke pamoja na vibali vyako vya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kuhusu kumpa mtu mwingine faili hilo, soma swali la 25.

Jambo la kufurahisha: ukiicheza video kwenye VLC huku SRT iko folda hiyohiyo, namba zinatokea chini ya picha kama manukuu, zikibadilika mwanga unapobadilika. Kwa kufundishia sijaona kitu kinachoizidi.

11. GoPro je?

Kuanzia HERO5, GoPro huandika njia ya taarifa ndani ya MP4 kwa mfumo uitwao GPMF, ambao kampuni yenyewe imeufungua kwa umma. Shata na ISO zimo, pamoja na mitikisiko ya kamera, na GPS kwa modeli zenye kipokezi chake. Usitafute tundu la lenzi likibadilika: kwenye modeli hizo huwa halibadiliki. ExifTool na -ee inatosha.

12. Nimerekodi kwa simu. Nitaona ISO yangu?

Kwa kamera ya kawaida ya simu, hapana. iPhone huandika modeli ya simu, toleo la mfumo, tarehe na mahali. Simu za Android huandika toleo la Android, na mahali ukiwa umeruhusu. Picha ya mnato kutoka simu hiyohiyo ina ISO na shata kamili, ndiyo maana watu hudhani video nayo lazima iwe nazo.

Njia ya kutokea ni kutumia programu ya kurekodi inayokuruhusu kufunga setingi mwenyewe, kama Blackmagic Camera ambayo ni ya bure, kisha kuziandika au kuzitamka mwanzoni mwa kipande. Tazama swali la 27.

## Programu na amri

13. Nianze na programu gani?

ExifTool, ya Phil Harvey. Ni ya bure, imekuwepo tangu mwaka 2003, na inasoma lugha za kampuni nyingi kuliko programu yoyote nyingine ninayoifahamu. Haina madirisha ya kubofya, unaiandikia amri, na hilo huwatisha watu bila sababu.

Kwenye Windows, ukishaifungua zipu utakuta faili lenye jina exiftool(-k).exe na folda iitwayo exiftool_files. Viache pamoja. Ukiburuta video na kuidondosha juu ya exe hiyo, dirisha jeusi linafunguka na taarifa zote zinaorodheshwa. Huhitaji kuandika neno hata moja. Kwa kuandika amri, libadilishe jina liwe exiftool.exe, fungua Command Prompt kwenye folda hiyo, kisha:

exiftool -a -u -g1 MVI_0423.MOV

Amri hii inatoa kila kitu, hata kilichorudiwa na kisichojulikana, kikiwa kimepangwa kwa makundi. Kwa kamera zinazoandika mfululizo:

exiftool -ee -G3 C0012.MP4 > setingi.txt

Mshale huo unapeleka majibu kwenye faili la maandishi, maana kwa video ya dakika kumi orodha itakuwa ndefu kuliko dirisha lako. Lifungue setingi.txt utafute ISO, Exposure Time na F Number.

Kwenye Ubuntu unaisakinisha kwa sudo apt install libimage-exiftool-perl. Data yako ya intaneti haitaumia, ni programu ndogo.

14. VLC na MediaInfo hazitoshi?

VLC ukibonyeza Ctrl+J inakupa kodeki (mfumo wa kukandamiza video), ukubwa wa picha na idadi ya fremu. Setingi za mwanga haitoi. MediaInfo inaeleza faili kwa undani zaidi, na kwa baadhi ya mafaili ya Sony matoleo yake mapya huonyesha tundu, shata na ISO. Kwa Canon au Nikon usiitegemee. Tumia MediaInfo kujua faili limetengenezwaje, na ExifTool kujua kamera ilikuwaje.

Kwa mafaili ya BRAW, yaani video ghafi za kamera za Blackmagic, huhitaji zote hizo: fungua programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, nenda kwenye paneli ya Metadata, ISO, shata na mizani ya rangi zimo.

15. Nina vipande mia mbili vya harusi. Nitavisoma kimoja kimoja?

Hapana. Iambie ExifTool ipitie folda nzima na kukutengenezea jedwali:

exiftool -csv -r -ISO -ExposureTime -FNumber D:\harusi > setingi.csv

Fungua setingi.csv kwa Excel. Panga safu ya ISO kutoka kubwa kwenda ndogo, na vipande vyenye chenga vitajitokeza juu kabla hujacheza video hata moja. Njia hii ni ya namba za mwanzo. Kwa mfululizo rudi kwenye amri ya -ee.

16. Sina kompyuta, nina simu tu.

Utasoma kwa sehemu. MediaInfo ipo ya Android. SRT ya droni inafunguka kwa kisoma maandishi chochote, na THM ya Canon inafunguka kama picha ukibadilisha jina la nakala yake. Kwa taarifa zilizofichwa ndani ya MP4, omba dakika kumi kwenye kompyuta ya studio jirani. Peleka kadi yenyewe au diski, usitume kwa WhatsApp; sababu iko swali la 21.

## Kusoma namba zenyewe

17. Programu moja inasema 1/50, nyingine 0.02, nyingine nyuzi 180. Nimwamini nani?

Wote wanasema kitu kimoja, mradi ulirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde. 0.02 ni 1/50 kwa desimali. Nyuzi hutoka kwenye shata za kamera za filamu zilizokuwa duara linalozunguka: nyuzi 360 ni muda wote wa fremu, yaani 1/25, na 180 ni nusu yake, yaani 1/50. Ukirekodi fremu 50, nyuzi 180 inakuwa 1/100. Kwa hiyo ukiona nyuzi, tafuta kwanza idadi ya fremu ndipo upige hesabu.

18. Kamkoda yangu haina ISO, inasema geni 12 dB.

Geni ni ukuzaji uleule kwa kipimo kingine. Kila 6 dB ni sawa na kuzidisha ISO mara mbili, kwa hiyo 12 dB ni mara nne ya ISO ya msingi ya kamera hiyo.

19. Video za ukumbini zina mistari inayotembea. Setingi zinaweza kunionyesha kosa?

Mara nyingi sana, na jibu huwa kwenye shata. Umeme wa gridi yetu ni wa 50 Hz, na taa za tyubu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 au 1/100 inameza mizunguko kamili ya taa, picha inatulia. Shata ya 1/60 au 1/125 inakata mzunguko katikati, na hapo mistari inazaliwa. Kamera nyingi zinazoingia nchini zikiwa zimepangwa kwa NTSC, mfumo wa nchi za umeme wa 60 Hz kama Marekani, hurekodi fremu 30 na kupenda 1/60. Soma faili, ukikuta 1/60, umepata mgonjwa na dawa: badili kamera iwe PAL, mfumo wa nchi za 50 Hz, fremu 25, shata 1/50.

Namba zikiwa sahihi na mistari bado ipo, tazama chanzo cha umeme. Jenereta isiyozunguka kwa kasi yake halisi haitoi 50 Hz kamili, na taa za LED za bei nafuu, hasa zinazofifishwa, huwa na mdundo wake wenyewe. Hapo shata ya 1/50 haikukosea. Itabidi uizungushe kidogo kidogo, kwa kamera inayoruhusu, hadi mistari isimame.

20. Ibada ilianza saa nane mchana, faili linasema 11:00. Kamera imeharibika?

Haijaharibika. Kanuni ya MP4 na MOV inataka saa iandikwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na Tanzania iko saa tatu mbele. Saa nane mchana ni 14:00 kwetu na 11:00 kwa UTC. Tatizo ni kwamba kamera nyingi hazifuati kanuni na huandika saa ya hapa hapa, kwa hiyo kamera mbili zilizorekodi tukio moja zinaweza kupishana saa tatu kamili. Kama tofauti ni saa tatu bila dakika ya ziada, sababu ndiyo hiyo. ExifTool ina chaguo la -api QuickTimeUTC linalogeuza saa ya UTC kuwa ya kompyuta yako. Litumie kwa kamera zinazofuata kanuni tu.

Ukiona mwaka 1904, kamera haikuandika tarehe kabisa. Mfumo huo huanza kuhesabu tarehe 1 Januari 1904, na sifuri inasomeka hivyo.

## Taarifa zikipotea

21. Mwenzangu alinitumia kipande kwa WhatsApp. Mbona hakuna kitu?

Kwa sababu WhatsApp ilikikodi upya ili kukipunguza, na katika kukodi huko taarifa za kamera zikaachwa. Ulichopokea ni video mpya iliyotengenezwa na simu. Hali ni hiyohiyo kwa video iliyoshushwa kutoka YouTube au Instagram. Hakuna programu itakayozirudisha.

Mwambie akitume kama hati badala ya video, hapo faili linasafiri kama lilivyo. Au aliweke kwenye Google Drive kama faili. Na kama kuna SRT, THM au XML, azitume pamoja.

22. Nikishaediti na kutoa video ya mwisho, setingi zinabaki?

Hazibaki, na haishangazi: video ya mwisho ina vipande themanini vya kamera tatu, ingebeba ISO ya kipi? Setingi huzitafuti kwenye video iliyokwisha kuhaririwa.

Lakini kuna mtego kwa wanaokata au kuunganisha mafaili kwa ffmpeg, programu ya video ya kuandikia amri, bila kukodi upya, wakidhani kila kitu kimehamia. Kwa kawaida ffmpeg huchagua njia moja ya picha na moja ya sauti, na kuiacha ile njia ya taarifa ya GoPro au Sony nyuma. Kuongeza -map 0 na -copy_unknown husaidia, ila lililo salama ni kubaki na faili la kamera.

Kubadilisha jina la faili, kulihamisha au kulinakili hakugusi kilicho ndani.

23. Faili limekwisha kupoteza kila kitu. Naweza kukadiria?

Shata unaweza kuikadiria vizuri kuliko watu wanavyodhani. Tafuta kitu kinachopita mbele ya kamera, kwa mfano bodaboda. Simamisha video, pima imesogea pikseli ngapi kutoka fremu moja hadi inayofuata, kisha pima ukungu wa mwendo wake ndani ya fremu moja. Ikiwa imesogea pikseli 40 na ukungu wake una pikseli 20, shata ilikuwa wazi nusu ya muda wa fremu. Kwa fremu 25, hiyo ni 1/50.

Tundu na ISO ni vigumu kuvitenganisha, ila mwanga wa jua unakupa mpaka. Kanuni ya wapiga picha ni kwamba kwenye jua kali, f/16 inaendana na shata iliyo sawa na moja gawanya kwa ISO. Kwa ISO 100 ni f/16 na 1/100, au f/22 na 1/50. Basi ukiona video ya mchana wa jua Isimila yenye mwendo laini wa 1/50 na mandhari ya nyuma iliyofifia kama f/2.8, unajua kulikuwa na kichujio cha kupunguza mwanga cha karibu hatua sita, yaani ND64. Bila hicho picha ingekuwa nyeupe tupu.

Chenga kwenye vivuli zinaashiria ISO kubwa, lakini video iliyopita WhatsApp ina uchafu wa kukandamizwa unaofanana nazo. Usiweke namba hapo.

## Mambo ya pembeni

24. Kuna mgogoro, na video yangu inatakiwa kama ushahidi. Metadata inasaidia?

Inasaidia, haitoshi peke yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inataka kuangaliwa jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na kama imebaki salama bila kubadilishwa. Metadata inaweza kuhaririwa na mtu yeyote mwenye ExifTool, kwa hiyo thamani yake inategemea faili lilivyotunzwa.

Usiediti. Weka kadi yenyewe pembeni, fanya kazi na nakala, na chukua alama ya faili siku hiyohiyo kwa amri ya Windows certutil -hashfile MVI_0423.MOV SHA256. Iandike namba hiyo na tarehe. Baiti moja ikibadilika, namba haitafanana. Kisha mwone wakili, maana hapo kazi ya kamera imekwisha.

25. Nikimpa mteja mafaili asili, nampa na nini kingine?

Unaweza kuwa unampa ramani ya kwako. Simu, droni na GoPro huandika mahali, na SRT ya droni huonyesha hata ulipopaa. Kama ulijaribu droni uani nyumbani kabla ya kazi, kipande hicho kina latitudo na longitudo za nyumba yako. Kwa wateja wa harusi, video iliyotolewa baada ya kuhaririwa inatosha. Wakitaka mafaili asili, kagua kwanza kwa exiftool -ee -gps* kwa kila kipande, na SRT ibaki kwako.

26. Betri iliisha katikati ya kurekodi, faili halifunguki. Setingi zimekufa nalo?

Hutokea sana kwetu, kwa kuwa baridi ya Kitulo au Njombe alfajiri hushusha uwezo wa betri haraka. MP4 na MOV huhitaji kipande kiitwacho moov, na kamera nyingi hukiandika mwishoni kabisa. Umeme ukikatika kabla, faili lina picha lakini halina faharasa.

Programu za kuokoa huomba faili zima kutoka kamera hiyohiyo, kisha hukopa muundo wake. Hapa kuwa macho: taarifa za kichwa utakazosoma baada ya kuokoa zinaweza kuwa za faili lililokopwa, si za lile lililokufa. Amini picha, usiamini ISO. MTS ziko tofauti, kwa kuwa taarifa zake zimo katikati ya mkondo (swali la 8), na hata faili lililokatika bado linasomeka hadi pale lilipokatikia. SRT na THM ni mafaili yanayojitegemea, kwa hiyo ukiiokoa kadi, yaokoe nayo.

27. Kamera yangu haiandiki chochote. Kuanzia sasa nifanyeje?

Tamka. Baada ya kubonyeza kurekodi, sema kwa sauti: "Ukumbini, ISO 800, f/2.8, shata hamsini." Sauti hiyo inasafiri na kipande popote kiendako, hata WhatsApp haiwezi kuiondoa. Kwenye ibada ambako huwezi kusema, elekeza kamera sekunde mbili kwenye karatasi uliyoandika namba hizo. Ukibadilisha setingi, simamisha na uanze kipande kipya, maana ukibadilisha katikati namba uliyotamka haihusu tena kilichofuata.

Wengine hupiga picha moja ya mnato kabla ya kila kipande ili Exif yake iwe kumbukumbu. Inafanya kazi mradi tu kamera inatumia setingi zilezile kwenye picha na video. Kamera nyingi hutenganisha hizo mbili, kwa hiyo ijaribu yako nyumbani kwanza: funga namba upande wa video, hamia upande wa picha, uone kama zimekufuata.